Maziwa Yaliyolala, Maziwa Yaliyoharibika

Ndabibi kuna sentensi mbili zinazosemwa juu ya maziwa yaliyochacha. Ya kwanza niliikuta nilipozaliwa: "Maziwa imelala." Ya pili nimeisikia ikikua mpaka ikaifukuza ya kwanza: "Maziwa imeharibika." Aliyesema ile ya kwanza alikuwa akiinuka kuchukua vikombe. Anayesema hii ya pili yuko njiani kwenda kumwaga. Maisha yangu yamepita katikati ya sentensi hizo, na nikitaka kueleza kijiji chetu kimepoteza nini, sioni njia fupi kuliko kusimulia jinsi tulivyoiacha moja tukashika nyingine.

Kwa asiyepajua: ukitoka mji wa Naivasha ukalizunguka ziwa kwa upande wa magharibi, ardhi inainuka polepole na kufunguka kuwa uwanda mpana wa nyasi, kimo kinachokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini unauona Eburru, mlima unaotoa mvuke. Magharibi umesimama ukuta wa Mau. Njia moja inashuka Kongoni, nyingine inapanda Maiella. Usiku ni baridi, asubuhi umande unalowesha viatu, na kuanzia saa nne jua linawaka kana kwamba baridi haikuwahi kuwapo. Hali hiyo ya hewa inafaa kukumbukwa, maana maziwa huifuata.

Ni nchi ya ng'ombe tangu zamani. Wamaasai walichunga hapa hadi mkataba wa 1904 ulipowaondoa maeneo ya Naivasha na kuwapeleka Laikipia, na ule wa 1911 ukawatoa Laikipia kwenda kusini. Baadaye Ndabibi ikawa mali ya Gilbert Colvile, mlowezi aliyejulikana kwa ng'ombe wake wa Boran na kwa kukaa karibu na wachungaji wa Kimaasai. Alifariki mwaka 1966. Amezikwa papa hapa Ndabibi, karibu na Diana aliyekuwa mkewe, na karibu na Lord Delamere wa nne, ambaye Diana aliolewa naye baada ya kuachana na Colvile. Makaburi hayo yapo. Ranchi yenyewe ilipitia mikono ya serikali kupitia shirika lake la maendeleo ya kilimo, ADC, kisha ikakatwa vipande, na leo penye malisho yasiyo na ua utaona mahindi, viazi, na ng'ombe mmoja au wawili wamefungwa kwa kamba kando ya nyumba.

Baba yangu alikuwa mkamuaji. Pamoja na mshahara alipewa posho ya unga na maziwa ya kila siku, na maziwa hayo yaliingia mikononi mwa Cucu, mama yake. Cucu alikuwa Mkikuyu aliyetokea upande wa Kinangop. Majirani zetu katika kambi ya wafanyakazi walikuwa Wamaasai, Waturkana, Wakalenjin na Waluhya wachache. Kiswahili chetu kilizaliwa mlangoni mwa zizi, na hakikujali sana ngeli za vitabuni. Ndiyo maana tulisema maziwa imelala, na hakuna aliyetusahihisha.

Cucu alijifunza kulaza maziwa kutoka kwa mama mmoja wa Kimaasai ambaye sisi watoto tulimwita Koko, kama walivyomwita wajukuu zake. Kazi ilianza na kibuyu, ambacho Koko alikiita enkukuri. Kilioshwa kwa maji ya moto na kuachwa kikauke kabisa, mdomo ukielekea chini. Kisha alichukua kijiti cha mutamaiyu, mzeituni wa mwituni ambao Wamaasai huuita oloirien, akakichoma mpaka ncha yake ikawa kaa jekundu. Ncha hiyo ilisukumwa ndani ya kibuyu na kusuguliwa kotekote, moshi ukitoka mdomoni, harufu yake ikijaa nyumba nzima. Kaa lililovunjika lilikung'utwa. Ndani ya kibuyu kulibaki weusi mwembamba na harufu ya moshi ambayo ningeitambua hata leo nikifungwa macho.

Hapo ndipo maziwa yalipotiwa. Koko alitia mabichi, yangali na joto la ng'ombe. Cucu aliyachemsha kwanza, akayaacha yapoe, halafu akatia kiasi kidogo cha maziwa ya zamani yaliyobaki. Kifuniko kilifungwa, na kibuyu kikawekwa pembeni, mbali na meko lakini si mbali sana. Ilichukua siku mbili au tatu. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Ndabibi inapouma, ilichukua zaidi, na Cucu alikisogeza kibuyu karibu na joto. Msimu wa kiangazi alikisogeza mbali. Watoto tulikatazwa kukifungua. Yeye mwenyewe hakukifungua ovyo. Alikiinua, akakitikisa kidogo sikioni, akasikiliza. Maziwa mabichi huchapa kama maji. Yaliyolala hutembea kwa uzito, kwa sauti nene. Akiisikia sauti hiyo alituita.

Jirani yetu wa Kikalenjin alikuwa na kibuyu chake, sotet, na mti wake, senetwet, na maziwa yake aliyaita mursik. Siku hizi Wakenya wote wanaijua mursik kwa sababu ya wanariadha: mtu akirudi na medali anapokewa uwanja wa ndege wa Nairobi kwa kibuyu, anapiga funda moja mbele ya kamera. Mimi naijua mursik kabla ya kamera. Naijua kama kitu cha kawaida kilichoazimwa ua hadi ua, mama huyu akionja cha mwenzake na kusema chako kimekaza sana, punguza siku moja. Makabila yale hayakukubaliana mambo mengi, lakini juu ya uchachu yaliweza kukaa chini na kuzungumza kama mafundi wa kazi moja.

Nasema mafundi, na sikuzi neno. Kinachotokea ndani ya kibuyu kimewashughulisha wataalamu wakubwa. Mwaka 1780 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliitoa asidi ndani ya maziwa yaliyochacha, ndiyo ambayo leo huitwa asidi ya lakti. Mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa aliandika kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai wadogo. Mwaka 1909 Søren Sørensen, akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha pH ambacho sasa kinatumika kupima uchachu wa kila kitu, kuanzia damu hadi udongo. Kwa kipimo hicho, maziwa yaliyotoka kukamuliwa husoma karibu 6.7. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kuacha asidi, namba inashuka, ikifika karibu 4.6, protini ya maziwa haiwezi tena kubaki imetawanyika, inashikana, na maziwa yanaganda. Kila namba moja ya kipimo hicho ni mara kumi. Maana yake ni kwamba kati ya kukamuliwa na kulala, uchachu umeongezeka zaidi ya mara mia. Cucu alifuata ongezeko hilo lote kwa sikio na kwa kiganja alichokiweka juu ya kibuyu.

Hapa ni lazima nisimame kwenye neno lenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimetunza tofauti ambayo sisi tumeiacha. Kuna kuchacha, na kuna kuchachua. Wali uliosahauliwa chunguni huchacha. Maharage ya jana huchacha. Hakuna aliyetaka, hakuna aliyekuwapo, jambo limetokea. Toka hapo neno limesafiri mbali: siasa ikipamba moto tunasema imechacha, vita vikikolea vimechacha, na kijana wa Dar es Salaam asiye na senti mfukoni anakuambia amechacha. Katika matumizi hayo yote kuna kitu kilichotoka mikononi mwa watu.

Kuchachua kuna mtendaji. Unga huchachuliwa, uji huchachuliwa, maziwa huchachuliwa. Yupo mtu aliyeamua, aliyesubiri, aliyejua wakati wa kusimamisha. Na kitu anachotumia ni chachu, neno ambalo mara nyingi halina lawama. Wahubiri wanalijua kutoka katika Biblia, katika mfano wa mwanamke aliyeitia ndani ya unga hadi wote ukachachuka. Wanasiasa wetu wanalipenda: barabara ni chachu ya maendeleo, vijana ni chachu ya mabadiliko. Familia moja ya maneno, na ndani yake hasara na baraka zinakaa pamoja, zikitenganishwa na silabi ndogo inayosema kama kulikuwa na mtu au hakukuwa.

Kulala nako ni hivyo. Maziwa hayakulala yenyewe pale kwetu. Yalilazwa. Watanzania husema mtindi au maziwa mgando, majina mazuri, lakini sisi wa Kenya tulichagua kusema yamelala, na nadhani tulichagua hivyo kwa sababu tuliona kulikuwa na mlezi.

Maziwa hayakuwa peke yake. Cucu alikuwa na mtungi wa uji pia, ule Wakikuyu wauitao ucuru wa mukio. Mahindi na mtama vilisagwa, vikalowekwa, vikaachwa vichachuke, kisha vikachujwa na kupikwa. Uji ule ulikuwa na ukali unaochoma pembe za ulimi, na mtu aliyekunywa asubuhi angeweza kulima hadi mchana bila kuuliza chakula. Wazee walikuwa na muratina yao, asali na maji yaliyochachuliwa kwa tunda lenye jina hilo hilo, ikitengenezwa kwa ajili ya ruracio, yaani mahari, na mapatano. Nyumba yetu ilikuwa na kalenda ya uchachu: hiki ni cha kesho, kile ni cha Jumapili, kile kingine ni cha wageni watakaokuja kuzungumza mambo ya ndoa. Mtu aliyeishi ndani yake alijifunza kuwa na subira kabla hajafundishwa neno lenyewe.

Haya yaliondokaje? Siwezi kutaja siku. Yaliondoka kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja.

Njia moja ilikuwa soko. Naivasha ni nyumbani kwa biashara ya maziwa ya nchi hii. KCC, kampuni ya ushirika ya maziwa, ilianzishwa hapa mwaka 1925 na wafugaji walowezi, na mjini Naivasha kuna chuo ambacho kwa miaka mingi kimefundisha wataalamu wa maziwa kutoka Kenya na nchi jirani. Baada ya uhuru mfugaji mdogo naye akaanza kupeleka maziwa kiwandani. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya Nyayo mashuleni, na sisi tuliokuwa wadogo tukapewa pakiti zetu tukanywa kwa furaha. Lakini kiwanda kilitaka maziwa mabichi, matamu, ya leo. Maziwa yaliyochacha hayakuwa na bei. Polepole nyumba nazo zikaanza kuyatazama kwa jicho la kiwanda. Mwaka 1992 soko lilifunguliwa, wanunuzi wakawa wengi. KCC ikaanguka, ikauzwa, ikarudishwa kwa serikali mwaka 2003 na kuwa New KCC. Wanunuzi walibadilika, lakini jicho lile lilibaki.

Njia ya pili ilikuwa ardhi. Ranchi ilipokatwa, ng'ombe walipungua, na familia yenye ng'ombe mmoja haina maziwa ya kulaza kwa siku tatu. Kila lita ni karo au unga. Halafu ikaja misukosuko. Mwaka 1993 mapigano ya kikabila huko Enoosupukia yaliwatoa maelfu ya watu makwao, wakamiminika Maiella wakaishi kambini, na baadaye baadhi ya familia zikapewa vishamba Moi Ndabi, karibu na kwetu. Nilizungumza na akina mama wengi waliopitia hayo. Walibeba watoto, blanketi na sufuria. Mtu anayekimbia usiku habebi kibuyu, na kibuyu kilichozoea maziwa kwa miaka kumi hakinunuliwi dukani. Walipopata ng'ombe tena, walianza na mtungi wa plastiki.

Njia ya tatu ilikuwa maua. Kandokando ya ziwa yalijengwa mahema ya plastiki, hekari kwa hekari, na mabasi yakaanza kuwachukua wanawake kabla ya mapambazuko na kuwarudisha jioni. Siwalaumu. Mshahara wa maua umesomesha watoto ambao maziwa yasingewasomesha. Ila kibuyu kinahitaji mtu anayeshinda nyumbani, anayekisogeza karibu na moto asubuhi na kukiondoa mchana. Mtu huyo alikuwa ameinama kwenye mstari wa waridi.

Ndipo tukafika hapa tulipo. Leo mama wa Ndabibi anakamua saa kumi na moja alfajiri. Anamimina kwenye debe la aluminiamu, au kwenye mtungi wa plastiki uliowahi kubeba mafuta ya kupikia. Anasubiri bodaboda. Mvua ikinyesha barabara inakuwa utelezi na bodaboda haiji. Kukiwa kiangazi inakuja ikiwa imechelewa, imepitia kwa wengine, na jua la saa nne limekwisha anza kazi yake. Penye kituo cha kukusanyia, kijana anachota kidogo, anachanganya na spiriti ya kupimia kwa kipimo sawa, anatikisa kichupa. Maziwa yakibaki laini, yanapokewa. Yakifanya chembechembe kwenye kuta za kichupa, uchachu umeshaanza hata kama ulimi haujaujua bado.

"Pole mama, hii imeharibika."

"Kijana wangu, nimekamua leo alfajiri."

"Najua, mama. Lakini imeharibika."

Nimesimama pale nikasikiliza mazungumzo hayo zaidi ya mara moja, na yananiuma kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza kijana yule, ambaye hana kosa lolote. Kipimo chake ni sahihi. Kiwanda hakiwezi kuchemsha maziwa yale, yatakatika. Lakini maziwa ambayo yangelazwa na Cucu yakaliwa na nyumba mbili, mama huyu anayamwaga kwa nguruwe wa jirani, au anayarudisha nyumbani ambako hakuna kibuyu, hakuna chachu iliyotunzwa, na hakuna anayejua kuyasikiliza. Kwake neno moja tu limebaki. Yakichacha, yameharibika.

Wengine hukwepa neno hilo kwa udanganyifu. Wapo wachuuzi wanaotia magadi kwenye maziwa ili kuuficha uchachu, na magadi katika bonde hili hayako mbali. Ziwa Nakuru na Elementaita ni maziwa ya magadi, pH yake inakaribia 10, kwa kuwa mito inaleta chumvi za miamba ya volkano na maji hayana pa kutokea ila hewani. Naivasha lenyewe lina maji matamu, lakini Oloidien, lililokuwa pembe yake, lilipotengana nalo likaanza kuwa na magadi hadi heroe wakahamia. Bibi zetu walitumia magadi kwa kiasi kulainisha maharage na githeri. Kuyatia kwenye maziwa ili mlaji asijue yamechacha ni kuua ushahidi. Kipimo kinatulia, bakteria wanaendelea na kazi yao, na mtoto wa mjini anayanywa.

Na neno limehama tena, safari hii likaenda shambani. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya wataalamu wa kilimo wanawaambia wakulima kwamba udongo wao umechacha. Watafiti walikadiria kwamba udongo wenye asidi unachukua karibu asilimia 13 ya eneo la Kenya. Mvua nyingi huosha chokaa ya asili ikateremka chini. Na mbolea ya DAP, ambayo baba zetu waliipokea kama muujiza, nayo huchangia, kwa kuwa amonia iliyomo inapobadilika udongoni huacha asidi nyuma yake. Mwaka mmoja hauoneshi kitu. Miaka ishirini ya mfuko uleule, bila kupima, bila chokaa, bila samadi, inashusha pH chini ya 5.5, na hapo alumini iliyokuwa imelala ndani ya udongo inaamka na kufupisha mizizi. Mahindi yanakuwa na majani ya zambarau, na mkulima anaongeza DAP. Dawa ni chokaa ya kilimo, inayochimbwa Koru na kwingineko, na dawa ya kwanza kabisa ni kipimo. Nilipoyasikia hayo kwenye mkutano wa wakulima, nilimkumbuka Cucu na sikio lake juu ya kibuyu. Udongo ule ulichacha kwa sababu ileile iliyochachisha debe la maziwa: hapakuwa na mtu aliyekuwa akisikiliza.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tunajua kulinda kitu kisichache tunapotaka. Waridi linalokatwa Naivasha asubuhi linaingia kwenye chumba cha baridi kabla jua halijapanda. Linasafiri kwa lori la baridi hadi uwanja wa ndege, linaruka usiku, na katika siku mbili au tatu liko mnadani Aalsmeer, Uholanzi, likiwa bado limefumba. Mlolongo mzima wa ubaridi, kutoka ziwani kwetu hadi ukingoni mwa Ulaya, umejengwa kwa ajili ya ua lisilolika. Kilomita chache kutoka kwenye vyumba hivyo vya baridi, maziwa ya Ndabibi yanakaa juani yakisubiri pikipiki. Hilo si jambo la mila wala la uvivu wa mtu. Ni uamuzi juu ya kipi kina thamani, na uliamuliwa bila sisi.

Halafu nenda dukani, kituo chochote cha Ndabibi au Maiella. Kwenye friji kuna pakiti ya mala. Jina hilo ni maziwa lala lililofupishwa, na wengi wanaolinunua hawajui. Ndani yake kuna chachu iliyochaguliwa maabara, maziwa yaliyochemshwa, tangi lililotunzwa kwenye joto la nyuzi ishirini na kitu kwa usiku mzima. Ni kazi nzuri na ni salama. Ninainywa. Lakini ni kibuyu cha Koko kilichoandikwa upya kwa chuma, na mama aliyemwaga maziwa yake asubuhi anainunua mchana kwa bei iliyozidi ile aliyoahidiwa kwa maziwa yake mabichi. Maarifa ya kulaza yameondoka nyumbani kwake yakahamia kiwandani, na sasa anayarudishiwa kwa pakiti ya nusu lita.

Sitaki kuipamba jana kuliko ilivyokuwa. Maziwa mabichi ya Koko yalikuwa na hatari zake. Bruselosi ni ugonjwa halisi. Hupita kutoka kwa ng'ombe hadi kwa mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa, na uchachu peke yake hauui kila kijidudu haraka. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo. Katika kambi yetu kulikuwa na watu walioumwa homa zisizoisha na maumivu ya viungo, na tulisema ni baridi ya ziwa. Cucu aliyechemsha kwanza alikuwa amefikia jibu sahihi bila kusoma: chemsha, pooza, kisha tia chachu unayoijua. Hilo ndilo linalofanywa kiwandani. Mila na sayansi zilikuwa zimekutana jikoni kwake, na ilitubidi tuendelee kutoka pale. Badala yake tuliiacha mila, na sayansi haikuwahi kufika hadi jikoni.

Ndiyo maana sioni kwamba ninaomba kurudishwa nyuma. Koko amefariki, Cucu amefariki, lakini Ndabibi na Maiella bado kuna akina mama wanaotunza vibuyu vichache kwa ajili ya sherehe, na wanajua mutamaiyu unaofaa na usiofaa. Chuo cha maziwa kipo mjini, safari ya saa moja hivi. Wakikutanishwa, mama na mwalimu, wanaweza kumfundisha binti wa leo afanye nini na maziwa ya jioni yasiyo na mnunuzi: namna ya kuyachemsha, namna ya kutunza chachu safi, namna ya kuyauza yakiwa yamelala kwa jina na bei yake. Ushirika ukiwa na tangi moja la kupoza, hata kama ni dogo, ungeokoa maziwa mengi ya asubuhi. Serikali ya kaunti inaweza kufikisha murram ngumu hadi kwenye mazizi. Na mkulima anayepima udongo wake kabla ya kununua mbolea anafanya kazi ileile ya Cucu kwa chombo kipya.

Maziwa yatachacha. Hiyo ni tabia yake, na hakuna barabara wala friji itakayoifuta. Swali tulilolijibu vizuri zamani, na tunalolijibu vibaya sasa, ni kama yanapochacha kuna mtu aliyeamua iwe hivyo. Nawataka watoto wa Ndabibi wajue kwamba lugha yao ina vitenzi viwili kwa jambo hilo, na kwamba bibi zao waliishi maisha mazima kwa kutumia kile cha pili.